Shahidi Aliyehukumiwa: Nafsi ya Mwanamke katika Riwaya ya Rosa Mistika

1. Hukumu Iliyozoeleka

Katika madarasa yetu ya fasihi ipo hukumu moja ambayo imekwisha kuwa kama kanuni ya hesabu. Mwanafunzi akiulizwa Rosa ni nani katika riwaya ya Rosa Mistika, hujibu upesi kwamba ni msichana aliyeharibika. Akiulizwa ni kitu gani kilichomharibu, hutaja ukali wa baba yake, kisha huongeza tamaa, uhuru wa ghafla na anasa za mjini. Akiulizwa riwaya inafunza nini, husema kwamba inawaonya wasichana wajitunze. Mwalimu hutia alama ya vema, na kitabu hufungwa.

Sisi tunaipinga hukumu hiyo. Tunaipinga kwanza kwa sababu haitokani na kitabu chenyewe. Tunaipinga pili kwa sababu inawapokonya nusu ya wanafunzi wetu haki ya kujiona kuwa watu kamili, na kuwafunza nusu ya pili kwamba mabaya yatendekayo kati ya mwanamume na mwanamke yana mwenyewe mmoja tu wa kuulizwa. Fasihi ni sehemu ya utamaduni wa taifa. Jinsi tunavyomsoma mwanamke kitabuni ndivyo tunavyojizoeza kumsoma nyumbani, shuleni, kazini na mahakamani. Kwa hiyo ugomvi wetu juu ya Rosa ni ugomvi juu ya binti zetu walio hai, wala si mchezo wa wahakiki wanaotafutiana makosa.

2. Kitabu na Mwaka Wake

Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo katika kisiwa cha Ukerewe, aliitoa riwaya hii mwaka 1971, akiwa kijana ambaye hajatimiza miaka thelathini. Haikupita muda mrefu ikakatazwa kusomwa shuleni kwa kuwa ilionekana kuwa inasema waziwazi mno habari za mapenzi. Baadaye katazo hilo liliondolewa, na riwaya ikaingia katika orodha ya vitabu vya kusomwa na kutahiniwa. Mwandishi alifariki mwaka 2020, lakini kitabu chake kimebaki kuwa mojawapo ya vitabu vinavyojadiliwa sana katika fasihi ya Kiswahili.

Yafaa tujiulize: kilichokatazwa ni kitu gani hasa? Waliokataza walidhani kwamba wanawakinga vijana na maovu ya Rosa. Lakini maovu ya wasichana hayakuwa siri kwa mtu yeyote. Yalisemwa kanisani, msikitini, barazani na katika nyimbo. Jambo ambalo halikuzoeleka kusemwa ni jingine. Riwaya hii ilimchukua baba mwenye nyumba, mtumishi wa umma, mkuu wa chuo na kijana msomi, ikawapanga mstari mmoja mbele ya msichana mmoja, ikaonyesha kila mmoja alimfanyia nini. Hilo ndilo lililokuwa zito kusomwa darasani, maana darasani aliyeshika chaki naye ni mmoja wa wenye mamlaka.

Mwaka huohuo wa 1971 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Ndoa. Kifungu cha 66 cha sheria hiyo kilitamka kwamba hapana mtu mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake wa ndoa kwa ajili ya kumwadhibu. Lakini sheria hiyohiyo, katika vifungu vya 13 na 17, iliruhusu binti wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya wazazi, ilhali mvulana sharti atimize miaka 18. Sheria moja, basi, ilimlinda mke asipigwe na papo hapo ikamwacha mtoto wa kike chini ya ridhaa ya mtu mwingine. Riwaya na sheria zilizaliwa mwaka mmoja katika nchi moja, na zote mbili zinabeba swali lilelile: mwanamke ni mtu mwenye nafsi yake, au ni amana inayopokezanwa kutoka mkono huu kwenda mkono ule?

3. Wanaosema Rosa ni Onyo kwa Wasichana

Kundi la kwanza la wapinzani wetu ni wale wanaoisoma riwaya kama mahubiri. Wao husema: mwanamke ni heshima, na Rosa aliipoteza heshima yake, alivuna alichopanda. Usomaji wa namna hiyo una urahisi wake, kwani haumdai msomaji chochote. Msomaji mwanamume hutoka kitabuni akiwa safi, na msomaji mwanamke hutoka akiwa ametishika.

Hebu tufuate mambo kama yalivyopangwa. Tunamkuta Zakaria, baba mlevi, anayempiga mkewe Regina na kuitia nyumba nzima hofu. Regina ndiye anayewalisha na kuwatunza watoto. Mume amekwisha kuacha kazi zote za ubaba isipokuwa moja, nayo ni kuamrisha. Rosa, mzaliwa wa kwanza, anapata barua kutoka kwa Charles, kijana wa jirani. Kwa ajili ya barua hiyo anapigwa na baba yake kipigo cha kikatili. Msichana huyu hajatenda lolote: ameandikiwa. Kosa lake ni kwamba kuna mtu amemwona kuwa mtu wa kuzungumzwa naye.

Hapo ndipo mwandishi alipoweka msingi wa jengo lake, na hapo ndipo wahakiki wa mahubiri wanapopita mbio. Wao husema tu "malezi makali," kana kwamba shida ya Zakaria ni kuzidisha kipimo cha dawa iliyo njema. Zakaria hakuzidisha malezi; hakulea kabisa. Mlezi humpa mtoto akili ya kupima mambo. Zakaria alimfunza Rosa jambo moja tu, kwamba mwili wake si mali yake, kwamba una mlinzi, na kwamba mlinzi huyo hutumia fimbo. Mtoto aliyefunzwa hivyo atafanya nini siku mlinzi atakapokuwa mbali? Wahenga wamesema samaki mkunje angali mbichi. Lakini hawakusema mvunje.

Rosa anakwenda katika shule ya sekondari ya wasichana ya Rosary, na baadaye chuo cha ualimu Morogoro. Kila anapofika anakutana na mwanamume mwenye cheo. Yumo Bwana Maendeleo, mtumishi wa umma ambaye jina la kazi yake lenyewe ni ahadi ya taifa. Yumo mkuu wa chuo, mtu aliyekabidhiwa vijana awafanye walimu, naye anamfanya mwanafunzi wake kuwa mpenzi. Tunawauliza wahakiki wa mahubiri: ikiwa riwaya hii ni onyo, mbona onyo linapelekwa kwa Rosa peke yake? Mkuu wa chuo naye hakusoma kitabu? Bwana Maendeleo hana la kujifunza? Mzazi anayeishika fimbo hana ukurasa wake? Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Lakini tuwe wakweli kwa mwandishi. Kezilahabi hakumfanya Rosa kuwa malaika aliyesukumwa na pepo wabaya. Rosa anachagua. Anaonja uhuru na kuupenda, anawachezea wanaume kama wao wanavyomchezea yeye, anatoa mimba, anajua afanyalo. Wako watetezi wa wanawake ambao hawapendi sehemu hiyo, na wangependa Rosa awe gogo lililochukuliwa na maji. Sisi tunasema kwamba sehemu hiyo ndiyo inayompa Rosa nafsi. Gogo halina hatia, lakini pia halina utu. Rosa ni mtu kwa kuwa alitenda na pia alitendewa. Na kazi ya mhakiki ni kuyapima yote mawili katika mizani moja, asiweke la Rosa kwenye mizani na la wanaume kwenye kapu.

4. Jina la Kitabu na Mizani ya Charles

Wanafunzi wetu aghalabu huambiwa kwamba Rosa Mistika ni jina la mhusika mkuu, na maelezo huishia hapo. Lakini jina hilo lina chimbuko. Katika litania ya Bikira Maria inayosaliwa na Wakatoliki, Waridi lenye fumbo ni mojawapo ya majina anayoitwa Mama wa Mungu. Mwandishi aliyekulia katika mazingira ya Ukatoliki hakulichukua jina hilo bila kujua uzito wake. Amempa msichana wa kijijini jina la usafi usio na doa, kisha akamtuma duniani akaishi nalo.

Hapa tumefika kwenye kiini cha habari. Jamii inayosawiriwa katika riwaya hii ina majina mawili tu ya kumpa mwanamke kijana: bikira na malaya. Hakuna la tatu. Hakuna neno la msichana aliyependa akakosea, wala la aliyekosewa, wala la aliyejuta akaanza upya. Zakaria anamlinda binti yake kwa jina la kwanza. Wanaume wa mjini wanamtumia kwa jina la pili. Rosa mwenyewe anahangaika kati ya majina hayo mawili akitafuta mahali pa kusimama, na hapaoni. Utambulisho wake hautoki ndani yake. Ni bandiko alilobandikwa na wengine, nao hubandua na kubandika wapendavyo.

Ndipo anaporudi Charles, yule kijana wa barua. Sasa ni mtu mzima, amesoma, na wanakubaliana kuoana. Msomaji anapumua. Lakini Charles anapogundua kwamba Rosa si bikira, anamwacha. Na Rosa anajiua.

Tunawaomba walimu wasimame hapa na wasiharakie mwisho. Zakaria ni mzee wa kale, mlevi, asiyejali shule. Charles ni kijana wa kisasa. Mmoja hutumia fimbo na mwingine hutumia maneno ya adabu. Hata hivyo wote wawili wanauliza swali moja: je, mwili huu umeguswa? Elimu ya Charles imembadilisha mavazi, kazi na lugha, lakini haikuigusa mizani anayompimia mwanamke. Wala hapana hata mtu mmoja anayemuuliza Charles habari za mwili wake mwenyewe. Hapo mwandishi ametoboa jipu ambalo wahakiki wetu hawataki kulitazama: usasa peke yake haumkomboi mwanamke. Waweza kujenga shule, vyuo na barabara, ukawa na wasomi wengi, na bado mwanamke akabaki palepale alipoachwa na Zakaria.

5. Wanaosema Fikra Hizi Zimetoka Ughaibuni

Kundi la pili la wapinzani wetu husema kwamba usomaji wa namna hii ni ufeministi, na ufeministi ni bidhaa ya Ulaya na Marekani. Husema mwanamke wa Kiafrika hakuwa na malalamiko mpaka alipofundishwa kulalamika. Hoja hii huvaa joho la uzalendo, kwa hiyo yatubidi tuijibu kwa historia yetu wenyewe.

Karne moja na zaidi kabla ya riwaya ya Kezilahabi, katika mwambao wa kaskazini mwa Kenya, Mwana Kupona binti Msham aliugua, na katika ugonjwa wake akatunga utenzi wa wasia kwa binti yake. Mwaka huo ulikuwa karibu na 1858. Wasomi wamebishana sana kama utenzi ule unafunza utii au unafunza werevu wa kuishi chini ya utii. Lakini hapana mwenye kubisha jambo moja: mtunzi ni mwanamke, anayeambiwa ni mwanamke, na mtunzi hakuomba ruhusa ya kusema. Je, naye alifundishwa na Wazungu?

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, katika nyumba ya watu maskini. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, na sauti yake ikaenea pwani yote. Miongoni mwa nyimbo zake umo ule uitwao Kijiti, uliotokana na kisa cha kweli: mwanamke mgeni aliuawa, mwuaji akatorokea bara, na wanawake waliofika mbele ya sheria kutoa ushahidi ndio waliotiwa hatiani. Siti aliusimamisha uovu huo mbele ya watu kwa wimbo, ukaimbwa na kukumbukwa hata leo. Tunauliza tena: ni mwanachuo gani wa ng'ambo aliyemfunza Siti kwamba si haki mwenye kosa aende zake na shahidi afungwe?

Tumekitaja kisa hicho kwa makusudi, kwani ndicho kipimo chetu. Rosa naye ni shahidi. Riwaya nzima ni ushahidi wake juu ya Zakaria, juu ya Bwana Maendeleo, juu ya mkuu wa chuo na juu ya Charles. Na wahakiki wa mahubiri wamefanya yaleyale yaliyotendwa katika kesi ya Kijiti: wamewaacha watuhumiwa watoroke, wakamtia hatiani shahidi.

Tuendelee. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed, mwimbaji katika vikundi vya ngoma vya wanawake wa Dar es Salaam, alianza kuongoza sehemu ya wanawake ya TANU, na kwa njia ya vikundi hivyo chama kikapata wanachama wengi mno. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikiri wazi kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi saa kumi na mbili au kumi na nne kwa siku, na hata siku za mapumziko, ilhali wanaume wengi wa vijijini wako likizo nusu ya maisha yao. Regina wa Ukerewe anaonekana katika maneno hayo kama kwamba aliyeyaandika alipita mlangoni kwake.

Katika uandishi pia wanawake hawakungoja kusemewa. Penina Muhando alitoa tamthilia ya Hatia mwaka 1972, na katika Nguzo Mama ya mwaka 1982 akawaonyesha wanawake wa kijiji cha Patata wakihangaika kuisimamisha nguzo yao, huku akiwakosoa na wao wenyewe kwa kutoelewana. Ndyanao Balisidya alitoa riwaya ya Shida mwaka 1975, na Martha Mvungi akatoa Hana Hatia mwaka huohuo. Kusema kwamba swali la nafsi ya mwanamke ni la kigeni ni kuwafuta wanawake hawa wote katika utamaduni wa taifa. Jina la nadharia laweza kuwa geni. Maumivu, akili na sauti ni vya hapa.

6. Marafiki Wavivu

Kundi la tatu ni marafiki zetu, na marafiki nao hukosolewa. Hawa wamekubali kwamba mwanamke ameonewa. Lakini kukubali kwao kumegeuka kuwa orodha. Daftari za wanafunzi zimejaa kichwa cha habari "Nafasi ya Mwanamke," na chini yake: mwanamke kama mlezi, mwanamke kama chombo cha starehe, mwanamke kama mtu asiye na msimamo, mwanamke kama mchapakazi. Orodha hiyo hutumiwa kwa Rosa Mistika leo, kesho kwa kitabu kingine, na keshokutwa kwa tamthilia, bila kubadilishwa hata nukta. Mwanafunzi huikariri usiku na kuimwaga asubuhi katika chumba cha mtihani.

Ubaya wa orodha si ufupi wake. Ubaya ni kwamba inarudia kosa lilelile la Zakaria na Charles: inampa mwanamke bandiko badala ya nafsi. Regina akishaitwa "mlezi" na "mvumilivu," hatumwoni tena anavyofikiri, anavyopanga chakula cha watoto, anavyopima lini aseme na lini anyamaze mbele ya mlevi. Uvumilivu wake unakuwa sifa ya kupigiwa makofi, na hakuna anayeuliza kwa nini ulihitajika. Kumsifu mtu kwa kubeba mzigo ni njia moja ya kumwachia mzigo huo.

Hebu tupime kwa kitabu kingine. Katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka mwaka 1980 na kusomwa sana katika shule za Kenya, tunamkuta Maksuudi, mtu wa mali na siasa, anayemfungia ndani mkewe Tamima na binti yake Maimuna. Tamima anashikwa na uchungu wa kuzaa mume akiwa hayupo, na Bi Farashuu anakuja kumsaidia. Maksuudi anaporudi, anamtaliki mke aliyetoka kujifungua, kwa kuwa amri yake imevunjwa. Maimuna anaikimbia nyumba na kuangukia katika danguro la Mama Jeni.

Kwa mtu wa orodha, Maimuna ni "chombo cha starehe," naye Kazija, mwanamke anayekwenda na wanaume wengi, ni chombo kingine. Lakini Kazija huyohuyo ndiye anayemwalika Maksuudi na mwanawe Mussa kwake wakati mmoja, bila wao kujua, mpaka baba na mwana wakakutana uso kwa uso katika nyumba ya mwanamke mmoja. Heshima ya Maksuudi, ambayo haikutikiswa na machozi ya mkewe, inaporomoka kwa mpango wa mwanamke ambaye jamii ilimhesabu kuwa takataka. Huo ni utendaji wa mtu mwenye akili na nia. Orodha haina mahali pa kuuandika.

Sisi hatusemi kwamba kulipiza kisasi ni ukombozi. Tunasema tu kwamba msomaji asiyemwona Kazija kuwa mtendaji hajakisoma kitabu.

7. Lawama kwa Waandishi Wenyewe

Haki haina upande. Kwa hiyo tusiwaache waandishi wakae kivulini. Riwaya hizi ziliandikwa na wanaume, na mikono yao inaonekana hasa mwishoni mwa vitabu. Rosa anapewa kifo. Maimuna anapewa mume, Kabi, na kwa ndoa hiyo anatulia. Kana kwamba kwa mwanamke aliyetoka nje ya mstari ipo milango miwili tu, kaburi na ndoa. Mwanamume aliyekosa huweza kuzunguka, kuzeeka, kujuta, kuhama mji, kuanza kazi nyingine. Mwanamke aliyekosa sharti afungiwe hesabu upesi ili msomaji alale salama.

Wako watakaosema kwamba mwandishi alionyesha tu ukweli wa jamii. Hoja hiyo ina nguvu kwa Kezilahabi kuliko kwa wengine, kwa maana hakuifunga riwaya kwa kaburi. Aliwapeleka Rosa na Zakaria mbele ya Mungu, na huko binti akasimama kumlaumu baba, na baba akamlaumu binti. Jambo hili ni kubwa. Duniani Rosa hakupata hata siku moja kusikilizwa kesi yake. Ilibidi mwandishi amtafutie mahakama mbinguni. Lakini hapo tunaongeza lawama yetu: katika mahakama hiyo wameitwa baba na binti peke yao. Mkuu wa chuo hakuitwa. Bwana Maendeleo hakuitwa. Charles hakuitwa. Kesi imefanywa kuwa ya nyumba moja, ilhali riwaya yenyewe ilikwisha kuonyesha kwamba kosa ni la jamii yenye vyeo, vyuo na ofisi. Mwandishi aliufungua mlango mpana, kisha akapitia dirishani.

8. Gharama ya Usomaji Mbaya

Mtu aweza kutuuliza: kuna hasara gani mwanafunzi akimsoma Rosa vibaya? Hasara ipo, na ina miaka yake.

Kwa miaka mingi msichana aliyepata mimba alifukuzwa shule Tanzania. Mwaka 2017 msimamo huo ulitangazwa tena hadharani na kiongozi mkuu wa nchi, kwamba aliyezaa hatarudi katika shule ya serikali. Ilipofika Novemba 2021 ndipo serikali ilipotoa waraka wa kuwaruhusu wasichana hao warudi masomoni. Katika miaka yote hiyo, mimba ilihesabiwa kuwa ya mtu mmoja. Huo ni usomaji wa Rosa uliofanywa kuwa kanuni: shahidi yuko nje ya lango akiwa na mtoto mgongoni, na mtuhumiwa hayumo hata katika daftari la mahudhurio.

Vivyo hivyo na umri wa kuoa na kuolewa. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, iliamua kwamba vile vifungu vya 13 na 17 vya sheria ya mwaka 1971 vinakwenda kinyume na Katiba. Na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikauthibitisha uamuzi huo. Ilichukua miaka 45 tangu sheria kupitishwa hadi mahakama kutamka kwamba binti na mvulana wapimwe kwa mizani moja. Mizani hiyohiyo ndiyo iliyokosekana mkononi mwa Charles. Hatudai kwamba riwaya ilibadilisha sheria. Tunadai kwamba watu wanaobadilisha sheria, na wanaozipinga, walikaa kwanza katika madarasa ya sekondari, na huko walifunzwa kumhukumu mwanamke au kumsikiliza.

9. Wajibu wa Darasa

Kwa hiyo tunawaambia walimu wa fasihi: acheni swali la "Rosa aliharibikaje?" Swali hilo lina jibu tumboni mwake. Waulizeni wanafunzi nani alikuwa na mamlaka katika kila sura, na aliyatumia vipi. Waulizeni Rosa alitaka nini kabla ya kupigwa, na alitaka nini baadaye. Waulizeni kwa nini Charles anasamehewa upesi na wasomaji. Wavulana waagizwe waandike utetezi wa Rosa, na wasichana waandike mashtaka dhidi ya mkuu wa chuo, halafu wabadilishane. Mtahini naye atunge maswali ambayo orodha ya kukariri haiwezi kuyajibu. Vilevile wanawake walioandika, kina Muhando, Balisidya na Mvungi, wasiwekwe pembeni kama nyongeza ya somo. Wasomwe pamoja na kina Kezilahabi, ili mwanafunzi aone mwanamke akisemwa na mwanamke akisema.

Nanyi wanafunzi, hasa wasichana, msikubali kuambiwa kwamba riwaya hii iliandikwa kuwatisha. Kitabu kinachowaonyesha jinsi jamii inavyombandika mtu jina si sheria ya kuwabandika ninyi. Na wavulana msijifiche nyuma ya jalada. Jina lenu halimo katika kichwa cha kitabu, lakini mmo katika kila sura yake, wengine mkiwa na fimbo, wengine na cheo, wengine na pete ya uchumba.

Rosa hakuacha wasia. Ushahidi wake umebaki katika kurasa hizo, nao utasomwa na vizazi vingi baada yetu. Lililo mikononi mwetu ni kuhakikisha kwamba safari hii waliotajwa katika ushahidi huo wanaitwa wote, mmoja baada ya mwingine, nao wanajibu.